Tangazo kwa Kinyozi

Nesi Barke alibandika karatasi zahanati, Langoni:
"Darasa la uzazi, Jumanne. Bure."
Wiki tatu wakaja
viti na feni.

Akaihamishia kwa kinyozi,
kando ya kioo,
akaongeza kwa kalamu nyekundu:
"Nawe baba, usiku huo utakuwa wapi?"

Jumanne wakaja wanne,
shingo zingali na poda.
Shekuwe, mchukuzi wa mawe kwa punda,
aliuliza akitazama sakafu:
"Mimi wa Matondoni.
Uchungu ukianza, maji yamekupwa,
boti imelala matopeni,
nifanye nini?"

Nesi akampakatisha mwanasesere wa kitambaa.
Mikono iliyozoea matumbawe
ikatetemeka.
Mkewe, miezi minane, alichungulia dirishani.

"Kwanza," nesi akasema, "usikimbie."