Kundi la Kusubiri

Kwenye jalada ni mia mbili na kumi na nne.
Mwanamume. Miaka hamsini na tisa. Kundi la kusubiri.
Kura iliipiga mashine, usiku, hakuna aliyependelewa:
nusu wapate mtu wa kuzungumza naye kila Jumanne,
nusu wangoje mwaka mzima, nasi tuwapime wakingoja.

Mimi ndiye kipimo.
Nilipewa simu, kiti chenye gurudumu bovu,
na dirisha linalotazama maegesho ya baiskeli, Leeuwarden.
Maswali manane. Sifuri hadi tatu.
Nikafundishwa: usiseme pole. Usicheke. Usigune.
Soma swali, nyamaza, andika namba.
Kipimajoto hakipashi maji.

Novemba. "Katika wiki mbili zilizopita, usingizi?"
"Tatu."
"Hamu ya chakula?"
"Tatu."
Nyuma yake redio inaimba, mbali, kama imo ndani ya pipa.
"Samahani," akasema, "hiyo ni ya ng'ombe."
Ng'ombe aliwauza kiangazi, wote sitini na mmoja.
Redio ya zizini hajapata moyo wa kuizima.
Fomu haina kisanduku cha redio.
Niliandika: tatu.

Desemba, tatu.
Januari, swali la nane alilijibu baada ya kimya
nilichokihesabu kwa saa ya ukutani,
sekunde arobaini na moja.
Nikafuata utaratibu, nikamuunganisha na daktari wa zamu,
nikabaki na simu sikioni hata baada ya laini kuniacha,
nikisikiliza mlio ule mmoja
kama mtu aliyeachwa mlangoni na mgonjwa amekwisha ingizwa.

Februari alikuwepo. Akapokea.
Akanitajia Baukje, Sietske, Geartsje aliyekuwa akirusha teke la kushoto tu.
Majina yote anayo; namba za masikioni zimemtoka.
Mimi namba yake ninayo.
Jina lake niliwahi kuliona mara moja, kwenye bahasha: Tjeerd.
Nililiweka kama mtoto awekavyo pipi,
silili, ila najua lipo mfukoni.

Machi.
"Usingizi?"
"Mbili. Nilijua ni leo. Nimenyoa ndevu."
Amenyoa ndevu. Kwa ajili ya simu.

Aprili nilifanya kosa, na nalikiri hapa, si kwenye ripoti:
niliuliza swali la tisa.
"Redio?"
"Nimeizima Jumapili.
Kumbe kuna mbayuwayu darini. Sijui wamekuwamo tangu lini."
Nikacheka.
Gurudumu la kiti likaniteleza.

Mwezi wa kumi na mmoja, chumba cha mikutano, kahawa iliyopoa.
Profesa Wiersma akatandaza mchoro ukutani:
mistari miwili ikiteremka kama ndugu ngazini,
mmoja hatua chache mbele ya mwenzake.
Waliozungumza kila Jumanne wamepona zaidi. Sibishi.
Nimezisoma namba zao pia, na baadhi zilinitoa machozi.
"Ila hawa waliosubiri," akasema, akigonga mstari wa juu kwa kalamu,
"hawa wametushangaza. Wamepata nafuu bila kitu."

Bila kitu.
Mtu akaandika *bila kitu*.
Mtu mwingine akauliza kama biskuti zimebaki.
Nami nikautazama mkono wangu wa kulia,
sugu ndogo kwenye kiwiko, palipokaa simu mwaka mzima.

Desemba laini yangu ikalia. Huwa hailii; kazi yake kupiga.
"Mwezi huu hukupiga."
"Utafiti umekwisha," nikasema. "Tunakushukuru kwa kushiriki."
Maneno hayo yapo kwenye karatasi, mstari wa mwisho.
Akanyamaza. Sikuhesabu.
Nyuma yake hapakuwa na redio, wala ndege; ni majira ya baridi.
Kisha akakohoa kidogo, kama mtu anayefungua jalada.
"Katika wiki mbili zilizopita," akasema, "usingizi?"

Nilitazama nje. Baiskeli zilikuwa zimefunikwa na theluji,
huwezi kujua ipi ya nani.

"Mbili," nikasema.

Nikamsikia akitafuta kalamu.