Msasa Namba Themanini

Kaka kapiga simu toka Arusha:
"Vitupe. Nimekurushia hela, nunua vya plastiki,
vyepesi, vinapangana, mvua ikija haviugui."
Nikaitikia naam, kama tunavyowaitikia walio mbali,
nikaenda Ngamiani, barabara ya kumi na mbili,
nikanunua msasa namba themanini, mita mbili,
brashi ya waya, kopo la nyekundu ya kuzuia kutu,
na tina nusu lita, kwenye chupa iliyokuwa ya juisi.

Viti ni vinne na meza yao ya duara,
vimekaa mbele ya nyumba, Chumbageni,
tangu mama akiuza chai na mkate wa mofa.
Upepo wa Raskazone huvilamba usiku kucha
na chumvi haina haraka.
Ukikaa, unanyanyuka na ramani ya kahawia nyuma ya gauni.

Nikaanza na kile kinachochechemea.
Kwaru, kwaru. Kutu ikamwagika kama bizari,
ikaniingia puani, ikakaa kwenye meno,
jasho likashuka jekundu hadi viwikoni.
Kidawa, mtoto wa jirani, akauliza nani kaniumiza.

Juu palikuwa na nyeusi.
Hiyo ya kaka, siku mbili kabla ya arobaini,
aliipaka juu ya kutu, wageni wasione.
Ikabanduka vipande vizima, kama ganda la yai.
La kuvunda halina ubani,
lakini tulijaribu, kila mtu na kopo lake.
Chini yake kijani, mwaka niliofaulu.
Chini ya kijani, bluu ya mabehewa ya reli,
aliileta baba; hatukuuliza aliipataje.
Chini ya bluu, chuma chenyewe,
kijivu, kimya, kama mtu aliyeamshwa ghafla.

Kiti cha tatu, upande wa chini wa kikalio,
nikakuta dole gumba la mama ndani ya kijani.
Hakuamini rangi mpaka aiguse.
Mistari yote ipo, hata kovu la kisu cha muhogo.
Nikaweka msasa chini. Nikanywa maji.
Nikabonyeza pembeni ya alama
na bati likanywea, kama biskuti iliyochovywa chai.
Kutu ilikuwa imepita chini yake,
imekula ndani yote, imeacha dole.
Nilikaa na hilo mpaka adhana ya alasiri.
Kisha nikasugua. Sikufumba macho.

Semhando wa kuchomelea alikuja na baiskeli,
mashine nyuma, kaifunga kwa mpira wa tairi.
Akagonga miguu ya viti kwa bisibisi, sikio karibu,
kama daktari wa kifua.
"Dada, hii haikuliwa na mvua ya nje.
Maji yaliingia bombani, yakakosa pa kutokea."
Akakata kilichooza, akaunga kipya,
cheche zikaruka hadi kwenye kanga za watu kambani,
kisha akatoboa kila mguu, chini kabisa,
tundu lisilozidi punje ya mtama.
"Hapa pa kulilia. Usipazibe na rangi."
Alitaka elfu kumi na mbili. Nikampa kumi, na chai.

Nyekundu siku moja. Siku ya pili njano,
njano ya ndizi iliyoanza kukubali.
Nikavuta brashi taratibu, upande mmoja,
na kwa njiti ya kiberiti nikazibua vitundu,
kimoja, kimoja, nimelala chali juu ya mkeka
majirani wakipita wananiamkia miguu.

Asubuhi, katikati ya meza, nyayo za paka,
zinaelekea ukingoni bila wasiwasi wowote.
Nikatafuta msasa. Nikaurudisha kabatini.

Kaka kapiga tena: "Umevinunua?"
"Vipo nje," nikasema. "Vya njano."
"Vimara?"
Sikujibu upesi, maana Kidawa
alikuwa anazunguka kiti cha tatu, kidole juu,
ananitazama mimi, anatazama rangi.
"Gusa tu," nikamwambia.