Tatu Nukta Tisa

Mara ya kwanza nilipata mbili nukta nne.
Nikasingizia homa, nikasingizia zamu za usiku
na lile dirisha la chumbani lisilofunga.
Mara ya pili, tatu nukta moja.
Homa sikuwa nayo.

Hapa Valdivia alama huanzia moja hadi saba,
na anayefika nne amevuka.
Mimi nimepiga kambi chini ya nne,
mpangaji sugu asiyehama.

Na somo lenyewe, cheka ukitaka, ni maji.
Mekanika ya vimiminika:
jinsi maji yanavyopita bombani, yanavyokata kona,
yanavyochoka kwa kusugua ukuta.
Katika mji huu! Mito inakutana mlangoni,
mvua huingia Aprili bila hodi,
soksi zangu hukaukia mwilini,
na pale soko la samaki simba wa baharini
wanapiga miayo wakingoja vichwa vya kutupwa.
Kila kiumbe hapa anayajua maji
ila mimi.

Baba hufunga mifereji ya mapaa.
Huinamisha bati kwa jicho tu,
humwaga kikombe kimoja, akasikiliza,
akasema: yamekubali.
Nilipompigia simu kumwambia tatu nukta moja
alinyamaza kidogo.
"Na moja," akasema. "Si haba."
Kisha akauliza kama nimekula.

Profesa Oyarzún huandika kwa mkono wa kushoto
na kufuta kwa wa kulia;
ukipiga chafya, nusu ya hoja imekwenda.
Millaray amehama, siku hizi anasoma utalii,
analala usiku, ngozi yake inang'aa.
"Kung'ang'ania si kufaulu, Rayén," aliniambia.
Nilitafuta jibu mpaka basi lake likaondoka.

Mvumilivu hula mbivu, sawa.
Hawasemi ale nini anapongoja.

Mimi hula mikate iliyoungua
kwa Bi Eduvina, ninakoosha trei
saa kumi alfajiri, vidole vimekunjamana.
Usiku mmoja wa Julai nikafungua bomba
juu ya trei iliyolala chali.
Maji yakaanguka, yakatandazika membamba kama kioo,
yakakimbia, halafu ghafla
yakainuka, yakajizungushia ukingo.
Duara.
Nilikwisha kuliona mara elfu.
Nikafungua zaidi: likapanuka.
Nikapunguza: likajikunyata.
Nikachovya kidole ndani ya duara,
maji yakapasuka kama mkia wa mbayuwayu.
Nikachovya nje,
viwimbi vikarudi nyuma, taratibu, kuangalia ni nani.

Ndani, maji yanakimbia kuliko habari zake yenyewe.
Nje, habari huyafikia.

Ukurasa wa mia mbili na kumi na nne!
Nilikuwa nimeupigia mstari mara mbili,
kwa kalamu mbili, za miaka miwili,
na sikuwa nimeelewa hata nukta.
"Bili ya maji hulipi wewe!" Bi Eduvina alipaza sauti
akafunga bomba.
Nikabaki nimesimama, kidole kikitiririka,
nikicheka peke yangu na trei.

Ningependa kukuambia nilipasi.

Tatu nukta tisa.
Nilisimama mbele ya ubao wa matokeo,
tone limening'inia puani nisilifute,
nikihesabu kilichopungua: sehemu moja ya kumi,
unene wa kucha.
Nikaomba kuona karatasi yangu.
Swali la kwanza, ovyo. La pili, huruma tupu.
La tatu nilijumlisha mahali pa kutoa.
La nne, lile la mkondo unaoruka,
lilikuwa na alama zote,
na pembeni, kwa wino wa mkono wa kushoto,
neno moja: *Hatimaye.*

Sikumwambia Baba neno hilo.
Nilimwambia alama tu. "Na tisa," akasema,
nikasikia anaweka nyundo chini.

Jumatatu nilipanga foleni ya usajili,
pesa za trei zimelowa mfukoni.
Karani hakuniuliza jina.
"Maji?" akasema.
"Maji," nikasema.