Buluu ya Geti

Saa kumi na moja, Muhumba haijakohoa bado.
Ziwa liko pale chini; silioni, nalisikia tu
likilamba mawe.
Ndoo ya kwanza ni maji matupu,
maana mchanga ukibaki ndio utakaokwaruza,
na mimi kosa moja linanitosha.

Kisha sabuni. Kisha kidole.
Napitisha ukucha juu ya doa, polepole,
kama anayesoma barua isiyo yake:
ukucha ukinasa, ni jeraha;
ukiteleza, ni rangi tu iliyokuja kukaa kwa watu.
Umeteleza.
Umeteleza tena.
Karibu na taa umenasa, padogo.

Bampa ni nyeupe, doa ni buluu,
refu kama mkono wa mtoto:
buluu ya geti la masista wa maternite,
walilolipaka wenyewe kabla ya Pasaka
kwa kopo la rangi waliyogaiwa,
na mvua za Bukavu hazijaliacha likauke.

“Gari hili si la msiba, wala si la harusi,”
alisema patroni siku aliyonipa ufunguo.
Kuzaa hakukutaja.

Saa saba usiku simu ililia: Nsimire,
mke wa kaka yangu, kule juu Cimpunda,
maji yamemtoka, njia imekuwa mto wa tope,
na hakuna motari anayekubali kupanda.
Cubaka mlinzi hakuuliza neno.
Alipaka mafuta bawaba za mlango,
tukaisukuma gari injini ikiwa imelala,
yeye begani, mimi kwenye usukani,
hadi ikapata mteremko, ikaanza kwenda yenyewe
kama mbuzi aliyesikia harufu ya chumvi.

Kurudi nyuma naweza. Kupanda Cimpunda naweza.
Lakini mwanamke akipiga kelele nyuma ya shingo yako
geti la mita tatu huwa tundu la sindano.
Nilisikia kwaaa.
Sista akainua taa, akatazama bampa, akatazama tumbo,
akasema, “Ingiza kwanza.”

Sasa kitambaa, cheupe, cha fulana yangu kuukuu.
Tone la mafuta ya taa, si zaidi,
yakizidi yatakula na rangi ya mwenyewe.
Nasugua kwa duara, bila hasira.
La kuvunda halina ubani,
ila la kupakwa lina mafuta ya taa:
buluu inahama,
inatoka kwenye bampa inaingia kwenye fulana,
naikunja, nageuza upande safi, naanza tena.
Halafu dawa ya meno, kidogo, ya watoto wa patroni,
ile yenye harufu ya pipi.
Halafu maji. Halafu nta.
Jogoo wa jirani ananihesabia dakika.

Saa moja na nusu patroni ametoka, tai mkononi.
Amezunguka gari mara moja.
Amesimama mbele. Amekwenda nyuma. Amerudi mbele.
Cubaka ghafla amekumbuka maua ya kumwagilia,
kwenye mvua.

“Mbona mbele kunang'aa kuliko nyuma?”
“Nilianzia mbele, patroni.”
Amenitazama vidole.
Nami nimevitazama: kwenye kucha, mwezi mwembamba wa buluu,
vidole vitano, miezi mitano.
“Basi malizia,” amesema,
akaenda kazini kwa taksi.

Nikamalizia. Milango, boneti, buti,
hadi saa sita, bega likiwaka moto,
mkono mzima ukinuka pipi.
Pale karibu na taa, ukucha uliponasa,
umebaki uzi mmoja ambao sabuni haiufikii.
Ukiujua utauona. Usipoujua, ni kivuli.

Ni msichana. Kilo tatu na kitu.
Wanasema ana sauti, kwaaa, kama bati.
Jumapili nitapanda kumwona.
Kwa miguu.