Ringi Hainyooki kwa Nyundo

Nimekusikia, Elinami.
Bomba la uani limelia, likanyamaza
kabla sijamaliza kumenya chungwa langu.
Huko si kupiga mswaki.
Hiyo ni salamu ya mtu anayepita njia.

Njoo ukae hapa, kwenye kigoda cha wateja.
Sitakusomea karatasi ya daktari;
umeibandika mwenyewe ukutani, kisha ukaipa mgongo.
Nitasema ninachokijua.

Unaliona gurudumu hili la Mzee Kaaya wa maziwa?
Juzi lilikuja linatembea kilevi.
Sikulipiga. Ringi hainyooki kwa nyundo.
Nilishika spoki moja, robo mzunguko,
nikaiacha, nikahamia ya pili,
robo tu,
na jioni bado lilikuwa linapepesuka.
Ndivyo daktari wako anavyokufanyia kila mwezi
pale karibu na Mnara wa Saa,
ndiyo maana unarudi Kijenge umenuna
na unakunywa uji siku mbili.
Jina la kazi yake silijui. Kazi yenyewe naijua.

Ila Mzee Kaaya huteremka kutoka Ilboru wakati wa masika,
na tope halina adabu.
Linajibanza pale spoki inapoingilia ringi,
pale kitambaa hakifiki.
Ukiliacha, gurudumu litanyooka, sikatai.
Litanyooka likiwa limeliwa.

Jumamosi ulikula bisi kwenye mahafali ya Nasieku.
Ganda moja lilikaa juu ya chuma cha chonge
kama mteja asiyetaka kulipa.
Nilinyamaza kwa sababu ya wenzako.
Sasa hatuna wageni:
kuna kile kimswaki chembamba, kipitishe chini ya waya,
toka juu, kisha toka chini,
jino kwa jino.
Anzia kwenye magego,
ambako hakuna anayekupiga picha.
Fizi zikitoa damu usizikimbie,
zinakudai siku ulizoziruka.
Na pipi ile ya kunata, mpe mdogo wako.
Hapana, usimpe. Itupe.

Mimi nilizaliwa Maji ya Chai.
Tulikunywa mto, mto ukatupaka rangi
kabla hatujajua kusoma.
Nilisugua kwa kijiti, nikasugua kwa mkaa,
nikasugua kwa majivu hadi nikatema wekundu.
Rangi ile haikuingia kwa uvivu, haikutoka kwa bidii.
Itazame picha ya harusi:
mama yako anacheka hadi shela inamwanguka,
mimi nimefumba mdomo
kama niliyemeza sarafu ya sadaka.

Nilipokuja kwenye kikao cha wazazi
nilikuona dirishani. Mtu alisema kichekesho,
darasa zima likalipuka,
na wewe ukainua kiganja, ukaziba.
Kiganja kile nakijua.
Nimekitumia miaka arobaini na moja.
Sikuuza pikipiki ili nikurithishe hicho.

Basi, rudi bombani.
Nina chungwa la pili, nitalimenya taratibu,
ganda lisikatike.
Na funga maji unaposugua, bili ni yangu.
Usiniulize nitajuaje kama bomba limefungwa.
Mimi ni fundi.
Nasikia mnyororo mkavu ukiwa bado uko barabarani,
nitashindwa kusikia mswaki?