Jina la Hapa, Jina la Kule

Jumanne. Umeme umerudi saa nne na nusu.
Ofisi ya chama cha wakulima, Tabora, ghorofa ya pili:
feni inalia, harufu ya tumbaku imeingia mpaka kwenye droo,
na mimi naandikisha.

Kituo: MORO1.
Anwani, namba nne zilizotengwa kwa nukta.
Mlango: 446.
Kisha jina la kanzidata kama inavyoitwa kule iliko,
ndani ya mashine kubwa ambayo sijaiona
na ambayo, nasikia, ina chumba chake na mlinzi wake.
Kisha jina tutakaloiita sisi huku.
Herufi nane, zisizidi.
Nikaandika TUMBAKU. Saba.
Ikabaki nafasi ya moja, nikaiacha.

Mihayo, kijana wa mafunzo, akauliza:
"Kwa hiyo sasa hesabu za watu zimo humu?"
Hazimo. Humu hamna hata jani moja.
Saraka haitunzi mali, inatunza njia,
kama kibao pale reli inapogawanyika:
huku Mwanza, huku Kigoma.
Kibao hakijawahi kupanda treni.

"Lakini imekubali," akasema, kidole kwenye kioo.
Imekubali, ndiyo. Hukubali chochote.
Iandikie kituo kisichokuwepo, mlango uliozibwa,
itakujibu vilevile: amri imekamilika.
Haiendi kubisha hodi.
Uongo utaujua siku ya safari.

Mama alikuwa na saraka yake,
daftari la shule, jalada limeliwa na mchwa.
Majina aliyatunga mwenyewe:
MAZIWA. FUNDI BATI. DADA IPULI.
Na moja kwa kalamu nyekundu: BABA MPANDA.
Namba hiyo hakuipiga hata mara moja.
Ilikuwepo; ilimtosha.

Niliipiga mimi, kidato cha pili,
kwenye kibanda cha simu nyuma ya soko.
Akapokea mtoto, wa kike, mdogo kuliko mimi.
Nikasema namtaka Baba Kalunde.
"Hapa hakuna Baba Kalunde."
Nyuma yake mwanamke akauliza:
"Baba Sidonia, wewe unamjua?"
Kikajibu kikohozi,
kikohozi nilichokuwa nikikisikia ukutani tangu nizaliwe.

Nikakata. Muuza simu akanirudishia shilingi hamsini.
Mama sikumwambia. Alipoona daftari limehama mahali
nilisema nilikuwa natafuta namba ya maziwa.

Mashine nayo ina onyo lake, mstari wa mwisho, herufi ndogo:
mabadiliko hayataonekana
mpaka kumbukumbu ya zamani isomwe upya.
Mihayo anataka kujua zamani ya lini.
Namwambia azime, awashe.

Sasa kujaribu. Jina la mtumiaji, nywila, kimya.
Nahesabu: moja, mbili, tatu, nne.
Kule kuna mtu, au kitu, kinafungua.

Chini kwenye benchi amekaa Nkingwa wa Sikonge,
tangu alfajiri, kofia magotini,
na karatasi aliyoikunja mara nane:
marobota saba, ameyafunga mwenyewe, ameyahesabu mwenyewe.

Mstari wake ukatokea.
Jina sahihi. Kijiji sahihi.
Marobota sita.

Nikausoma tena, nikamwita Mihayo ausome.
Sita.
Nikashuka ngazi polepole,
mkono kwenye ukuta.