Mita ya Shangazi Barke

Mita ya stima ya Shangazi Barke, Mkomani,
imeandikwa 30031.
Mbili haiigawi. Tatu haiigawi.
Tano, saba, kumi na moja, kumi na tatu:
kila nikigawa hubaki moja,
imeganda mlangoni kama mwia.

"Tasa," nikaandika ukutani kwa penseli,
nikasahau nani huitwa hivyo mtaani.

Hakusema kitu. Alikuwa na kofia mapajani,
vitundu, vitundu, midomo ikihesabu.

Usiku stima ikakatika.
Akawasha koroboi, akashika penseli
pale nilipoachia:
kumi na saba, kumi na tisa,
ishirini na tatu...

Alfajiri chokaa yote imejaa hesabu,
na chini kabisa, kwa mwandiko wa chuoni:
59 × 509.

"Anao wawili," akasema.
"Wewe ulichoka mapema."